Maswali ya maabara: asidi, moto na chupa isiyotakiwa kuwekwa kabatini

Tunaambiwa tumimine asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kwani mwishowe si mchanganyiko ule ule?

Mwishowe ni ule ule. Hatari imo katika zile sekunde chache za mwanzo. Asidi ya salfuriki iliyokolea hutoa joto kali inapokutana na maji, na ni nzito: lita moja ina kilo 1.84 hivi, wakati lita ya maji ina kilo 1. Ukimwaga maji juu yake hayazami, yanaelea. Pale yanapogusana na asidi, tabaka hilo jembamba la maji hubeba joto lote, huchemka papo hapo na kuruka pamoja na matone ya asidi. Uso wako uko wapi wakati huo? Juu ya bika. Ukianza na maji, asidi huzama na joto lake hugawanywa na maji mengi.

Ukitaka takriban mililita 100 za asidi iliyozimuliwa kwa uwiano wa 1 kwa 9, weka mililita 90 za maji baridi kwenye bika la mililita 250 la kioo kinachostahimili joto. Mimina mililita 10 za asidi kidogo kidogo, ikiteremka kwenye fimbo ya kioo, huku ukikoroga. Gusa bika kwa nje: likiwa la moto, simama, liweke kwenye beseni la maji baridi, endelea likipoa. Usizimulie ndani ya silinda ya kupimia, maana haikutengenezwa kwa joto na huweza kupasuka. Wala usihamishie asidi kwenye chupa na kuifunga kabla haijapoa.

Asidi ikinirukia mkononi, si afadhali niipoze kwa bikaboneti, ile soda ya kuokea? Tunayo kopo zima mezani.

Kopo hilo ni la meza, si la ngozi. Asidi na bikaboneti zinapomenyana hutoa gesi na povu, nawe unapoteza muda kulifungua wakati bomba lipo hapo hapo. Fungua maji, yatiririke kwa angalau dakika 15, na huku yakitiririka vua saa, pete na nguo yoyote iliyolowa, kwa sababu kemikali hubaki chini yake na kuendelea kuunguza. Iliyomwagika mezani ndiyo ya kunyunyizia bikaboneti, kuanzia kingoni kwenda katikati, mpaka povu likome.

Kwa jicho ni maji vilevile, dakika 15 bila kukatiza, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole hata kama mwenyewe anapiga kelele. Inamisha kichwa ili maji yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje, yasipeleke kemikali kwenye jicho la pili. Kisha hospitali, na mtu aende na jina la kemikali na ukali wake vimeandikwa kwenye karatasi.

Hapa tuongeze jambo ambalo wanafunzi wengi hulichukulia kinyume: soda kali, yaani hidroksidi ya sodiamu, ni adui mbaya zaidi wa jicho kuliko aina nyingi za asidi. Asidi hugandisha protini za juu ya jicho, na mgando huo huizuia kidogo isipenye. Soda kali huyeyusha mafuta ya seli, ikayageuza sabuni, na kuzidi kuingia ndani. Wengi huvaa miwani ya kinga kwa titresheni ya asidi, yaani kupima kiasi chake kwa kuidondoshea soda, kisha huivua wakati wa kujaza bureti, ule mrija mrefu wenye koki, kwa soda, tena bureti ikiwa juu kuliko macho yao. Ishushe bureti, tumia faneli, halafu iondoe faneli kabla ya kuanza.

Nikipasha neli ya majaribio, kimiminika hutoka kama risasi. Nakosea wapi?

Unapasha kitako. Mvuke huzaliwa chini, kimiminika cha juu hakijapata moto, na kiputo kikubwa kinakisukuma chote nje. Jaza isizidi theluthi moja, iinamishe kama nyuzi 45, anza kupasha karibu na uso wa kimiminika, na itikise taratibu ukiisogeza ndani na nje ya mwali. Mdomo wa neli usimwelekee mtu yeyote, hata aliye meza ya pili. Kwa bika au chupa ya mviringo, tia vijiwe vya kuchemshia kimiminika kikiwa bado baridi. Ukivisahau usivitupie kwenye kimiminika chenye moto: kitafoka chote mara moja.

Tunahitaji ethanoli ya moto. Tunaweza kuiweka juu ya kichomeo cha Bunsen kwa mwali mdogo?

Hapana, hata mwali ukiwa mdogo kama wa mshumaa. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, lakini mvuke wake huweza kushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa mezani hadi kwenye kichomeo cha jirani, na moto hurudi kwako kwa njia hiyo hiyo. Chemsha maji, zima vichomeo vyote vya meza hiyo, ndipo uitumbukize neli ya ethanoli kwenye maji hayo. Joto litatosha. Bika la ethanoli likishika moto, usilinyanyue wala kulipuliza. Lifunike kwa kigae au kipande cha bodi kisichoungua, uache.

Mrija wa kioo ulinivunjikia nikiuingiza kwenye kizibo.

Paka gliserini au maji, funga kitambaa kwenye mikono yote miwili, shika mrija sentimita mbili tatu tu kutoka kizibo, zungusha badala ya kusukuma. Anayeshika mbali anautengenezea wenzo wa kuuvunja. Na ncha kali ilainishwe kwenye moto kwanza, kisha isubiriwe: kioo cha moto na cha baridi havitofautiki kwa macho.

Kitendanishi cha Tollens kimebaki. Nikitunze kwa kipindi kijacho?

Usikitunze. Mchanganyiko huo wa amonia na nitrati ya fedha ukikaa hujenga nitridi ya fedha, ambayo hulipuka kwa kutikiswa kidogo tu. Tengeneza cha kutosha neli zako, na mara baada ya jaribio kitie asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha kiende kwenye chombo cha taka za fedha. Ukikuta chupa ya zamani yenye mabaki meusi, usiiguse. Mwite fundi wa maabara.

Miwani yangu ya kusomea haitoshi?

Haitoshi, iko wazi pembeni. Vaa ya kinga juu yake.