Jibu: Syncthing inapuuza faili nililoliruhusu kwenye .stignore

Mkuu, kwa hiyo kwenye .stignore ya laptop yako (orodha ya mafaili ambayo Syncthing, programu ya kusawazisha mafaili kati ya vifaa, iyapuuze) uliandika *.mp4 ili kupuuza video zote za mp4, ukaweka !harusi.mp4 chini yake ili video hiyo moja ipite, nayo imegoma. Tena video nyingine bado zinatoka kwenye simu kwenda kompyuta ya ofisini. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni mpangilio. Syncthing husoma kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na faili ndio unaoamua. Harusi yako inakutana na *.mp4 kabla haijafika kwenye ruhusa. Geuza hivi:

!harusi.mp4
*.mp4

La pili ndilo linalotesa wengi. Faili la .stignore halisawazishwi kamwe. Uliloliandika kwenye laptop linaihusu laptop peke yake. Simu haina habari nalo. Mimi huweka sheria zote kwenye faili la kawaida ndani ya folda, tuseme sheria.txt, ambalo husambaa kama mafaili mengine. Kisha kwenye .stignore ya kila kifaa naandika mstari mmoja tu, unaoiambia Syncthing isome sheria kutoka faili hilo:

#include sheria.txt

Na tafadhali sana, usianze kufuta video kwenye simu kabla sheria haijawekwa huko. Ukifuta kwanza, ufutaji huo utasafiri hadi ofisini na video zitaondoka na kule. Weka sheria, subiri folda ikaguliwe upya, ndipo ufute kwa mkono, maana kupuuza faili hakuliondoi pale lilipokwisha kufika.