Jibu: Dogo wa miaka 9 anataka Formula 1, kachelewa?

Mkuu, umeuliza kama kijana wako wa miaka 9 hapo Mbagala kachelewa kuanza safari ya Formula 1, zile mbio za magari za ngazi ya juu kabisa. Umri bado upo. Lewis Hamilton, bingwa wa Formula 1, alianza kukimbiza karti (vigari vidogo vya mbio) akiwa na miaka 8. Kasheshe ni mfuko: karti, matairi, fundi, safari, vyote juu ya mzazi. Baba yake Hamilton alipiga kazi zaidi ya moja kumgharamia.

Akifika miaka 15 anaruhusiwa Formula 4, ngazi ya chini, halafu anapanda 3, halafu 2. Wengi huishia njiani, maana leseni ya Formula 1 inadai pointi 40 za matokeo ya ngazi za chini na kwa kawaida umri wa miaka 18 (sharti la umri lilikuja baada ya dereva Max Verstappen kuingia 2015 na miaka yake 17). Bingwa wa Formula 2 anazoa zote 40 kwa mpigo. Wa Formula 4 anaambulia 12.

Na shingo aifanyie mazoezi! Kwenye kona kali kichwa na helmeti vinavutwa pembeni kama vimekuwa vizito mara tano.

Mpwa wangu naye anayo homa hiyo. Jana kajipachika kwenye beseni uani, usukani mfuniko wa sufuria, mama yake anautafuta huku wali unaungua.