Tabaka la juu la godoro la lateksi
Dada yangu, umeeleza kwamba umeweka lateksi (povu la mpira) ngumu ya sentimita 5 juu ya springi, na kwamba ukilala ubavu bega hufa ganzi. Godoro nililojitengenezea lilinisumbua vivyo hivyo, hadi nilipoongeza juu yake lateksi laini ya Talalay (jina la njia mojawapo ya kutengeneza lateksi) ya sentimita 5, kwa sababu bega na nyonga huhitaji kuzama kidogo huku kiuno kikiendelea kushikiliwa. Usiyagandishe matabaka kwa gundi kabla ya kuyalalia wiki 2 au 3, na usiyaanike juani, kwani lateksi hukauka ikameguka kama makombo ya mkate. Ikiwa glavu za mpira zinakuwasha ngozi, au ganzi haiishi mchana, tafadhali muone daktari kwanza.