Kwa mnaoanza kujitolea maktaba: shika siku yako

Wadogo zangu, mbukwenyi.

Najua wengi wenu mnaingia maktaba kwa sababu ya ule muda mrefu wa kusubiri. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, matokeo yanatoka Januari, na anayechaguliwa kidato cha tano anaripoti Julai. Hapo katikati ni kukaa nyumbani, kutumwa dukani na kuulizwa na kila mgeni, "Sasa hivi unafanya nini?" Mimi pia nilianza hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka 17, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na shangazi yangu ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Nenda hata ukafute vitabu vumbi, hutarudi mikono mitupu." Nikaenda, na sijaacha mpaka leo. Kila mwaka sasa napokea vijana wapya, na kila mwaka naona wanajikwaa palepale nilipojikwaa mimi.

Ningepewa nafasi ya kuwaambia neno moja tu, ningesema: chagua siku moja uishike. Anayeanza huwa na moto. Wiki ya kwanza anakuja siku tano, ya pili tatu, mwezi ukiisha haonekani tena wala simu hapokei. Siku tano hatuzihitaji. Tunayemhitaji ni yule wa Jumamosi saa tatu asubuhi, wiki hii na ijayo na ile ya baada yake, mpaka siku atakayoaga.

Niwaeleze nilivyojifunza hilo. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa saa ya hadithi ya watoto katika maktaba moja hapa mjini. Tulikuwa tunatandika mkeka kwenye kona, wanakuja watoto 15 hivi, wengine kwa miguu kutoka mbali, wengine na wadogo zao mgongoni. Tunafungua kwa vitendawili, kisha hadithi. Jumamosi moja sikwenda. Kulikuwa na sendofu ya binamu yangu, na sikumwambia mtu yeyote. Wiki iliyofuata, mtoto mmoja wa darasa la pili, ambaye siku zote alikaa ukingoni mwa mkeka na hakuwahi kunyoosha mkono, alisimama mlangoni hataki kuingia. Nikamfuata. Akasema, "Dada, wiki ile nilikuja na kitendawili. Bibi alinifundisha."

"Haya, kitege sasa."

Akainama, akawa anachorachora sakafu kwa kidole cha mguu. "Nimeshakisahau."

Kitendawili chenyewe sikijui hadi leo. Ninachokijua ni kwamba mtoto yule alikibeba wiki nzima, akatembea nacho njia yote, akafika, akakuta hakuna wa kumwambia "Tega!" Kwa hiyo ukipata dharura, na dharura zipo, mpigie mkutubi mwenyewe siku moja au mbili kabla, na umtafute mwenzako atakayekaa kwenye nafasi yako. Usimtume rafiki apeleke salamu.

Habari za karatasi nitazipitia haraka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo wengi wenu kisheria bado ni watoto. Leteni ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Mara nyingi utaombwa pia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Ulizia mapema nani atakuwa msimamizi wako, na ulizia nauli kabla hujaanza. Kujitolea hakuna mshahara, na kama nyumbani nauli ya daladala ni ya kutafutwa, ni bora ikajulikana siku ya kwanza kuliko ukaanza kukosa siku bila kusema kwa nini. Halafu saini daftari la mahudhurio kila unapoingia. Utakapoomba barua ya kuthibitisha kazi uliyofanya, mkutubi ataandika kutokana na daftari hilo.

Sasa rafu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi mnakuja mkitamani kompyuta au watoto, mkipelekwa kwenye rafu mnaona mmeonewa. Hamjaonewa. Rafu ndiyo inayokufundisha maktaba ina nini, na bila kujua ina nini huwezi kumsaidia mtu yeyote.

Vitabu vinapangwa kwa namba za Dewey, mfumo uliotolewa Marekani na Melvil Dewey mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa makundi kumi: 500 ni sayansi, 600 ni teknolojia, humo ndani 610 ni tiba na 630 ni kilimo, 900 ni historia na jiografia, na kadhalika. Kila tarakimu ina maana yake. Chukua 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili: 8 ni fasihi, 896 ni fasihi ya lugha za Kiafrika, na hiyo .392 ndiyo Kiswahili chenyewe. Ukishalielewa hilo, utaacha kuzikariri namba na utaanza kuzisoma.

Kosa linalowapata karibu wote ni la nukta. Historia ya Uganda ni 967.61, ya Kenya ni 967.62, ya Tanzania ni 967.8. Anayetazama haraka ataona 8 ni ndogo kuliko 61, ataitanguliza Tanzania. Sivyo. Baada ya nukta soma tarakimu moja moja: 6 inatangulia 8, kwa hiyo Uganda, Kenya, ndipo Tanzania. Rwanda ni 967.571, ina tarakimu tatu nyuma ya nukta, lakini inakaa mbele ya wote hao kwa sababu inaanza na 5.

Mimi niliipanga rafu nzima kinyume alasiri moja, nikarudi nyumbani nimefurahi kweli. Siku tatu baadaye akaja msichana wa kidato cha sita anatafuta kitabu cha historia ya Tanzania. Kwenye katalogi, ile orodha ya vitabu vya maktaba, kipo. Mkutubi akaenda mahali pake, hakipo. Akaangalia meza za wasomaji, akaangalia toroli, akamwambia yule msichana kwa masikitiko kwamba inaelekea kimeibwa. Msichana akaondoka. Kitabu kilikuwa hatua moja kushoto, nilikoweka mimi, na kilikuja kuonekana mtihani wake umeshapita.

Ndiyo maana nawasihi: usipokuwa na uhakika na namba, usibahatishe. Kiache kitabu kwenye toroli, uulize. Na ukiona msomaji anataka kurudisha kitabu rafuni mwenyewe, mwambie kwa upole akiache mezani. Pia usipange zaidi ya saa moja mfululizo, kwa sababu macho yakichoka namba zote zinafanana. Nenda kanywe maji nje, urudi.

Mkiwa hapo rafuni mtakutana na vumbi letu. Kiangazi upepo wa Dodoma unaingiza vumbi hata pale ambapo madirisha yamefungwa. Kitabu kishikwe kimefumbwa, kimebanwa vizuri, ufute ukingo wa juu kwa kitambaa kikavu ukitoka mgongoni kwenda mbele. Kitambaa kibichi hapana, vumbi litageuka tope litakaloingia kwenye kurasa. Rafu za chini zinazogusana na ukuta zichunguze kila wiki. Ukiona njia nyembamba ya udongo inapanda ukutani, huo ni mchwa. Mwite mkutubi saa hiyohiyo, usisubiri zamu iishe. Na kitabu kilichochanika usikibandike selotepu. Inageuka njano, inakauka, na ikibanduka inaondoka na maandishi. Kiweke pembeni, mtafundishwa kutumia gundi na uzi.

Baada ya mwezi au miwili mtaanza kukaa karibu na watu. Wengi wanaoingia maktaba zetu ni wanafunzi waliokuja na madaftari yao, wanataka meza na utulivu tu. Hao waache wasome. Wewe mwangalie aliyesimama karibu na mlango, anayetazama rafu kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Mfuate, msalimie kwanza. Kama ni mtu mzima anza na shikamoo, halafu ndipo umuulize umsaidie nini.

Fahamuni kwamba swali la kwanza la mtu mara nyingi si swali lake. Alikuja mzee mmoja kutoka Hombolo, kofia mkononi, akasema anataka kitabu cha kilimo. Kijana wetu, kwa bidii nzuri kabisa, akambebea vitabu vinne vizito vya kilimo cha jumla. Mzee akafungua kimoja, akakifunga, akakaa kimya. Mkutubi akasogea na kiti, akaketi naye.

"Shikamoo mzee. Zao gani linakusumbua?"

"Marahaba. Zabibu."

"Zimepata nini?"

"Majani yana unga mweupe, kama yamepakwa."

Wakaenda moja kwa moja 634.8, ambako ndiko zabibu zinakokaa, wakafungua sehemu ya magonjwa, wakasoma pamoja habari za ubwiri unga. Mkutubi hakumwambia apulize dawa gani. Alimwonyesha ukurasa, akamwandikia jina la kitabu kwenye karatasi, akamshauri aende na tawi lenye majani hayo kwa bwana shamba au kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Makutupora, ambako utafiti wa zabibu ndiyo kazi yao. Maswali mawili tu ya ziada, na mzee aliondoka anajua pa kwenda. Nawaomba mjizoeze maswali hayo mawili, na pia kukomea pale alipokomea mkutubi. Sisi si madaktari wala mabwana shamba wala mawakili. Tunamfikisha mtu kwenye ukurasa na kwa mtaalamu.

Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Watu wanakuja kuomba mkopo wa chuo, kuomba kazi, kufungua barua pepe. Kaa pembeni yake, kipanya kibaki mkononi mwake hata kama anakwenda polepole. Akifika kwenye nywila, geuka utazame pengine. Usimwandikie, usimhifadhie, hata akikuomba. Akimaliza, mkumbushe kutoka kwenye akaunti kabla hajainuka.

Watoto nimewaweka mwisho kwa sababu nawapenda na ningeweza kuwaandikia peke yao. Kitabu utakachowasomea, kisome kwa sauti nyumbani mara tatu. Kishike ubavuni, kurasa zikiwaelekea wao, ili waone picha wakati unasoma. Dakika 20 zinatosha kabisa. Anza na "Hadithi, hadithi!" usubiri waitikie, na kama kuna mmoja hajaitikia, sema tena. Mtoto anayeshika kitabu juu chini usimrekebishe mbele ya wenzake. Kaa karibu yake, fungua chako vizuri, ataona. Akikujibu kwa Kigogo au Kirangi, pokea jibu, kisha liseme tena kwa Kiswahili kama kwamba ndivyo alivyosema.

Yapo mambo mawili ya watoto ambayo hayana mjadala. Usikae na mtoto peke yenu mahali pasipoonekana, hata kama anataka tu kukuonyesha kitu. Na usiwapige picha ukaziweka kwenye simu yako au mitandaoni. Mzazi alimleta mtoto wake asikie hadithi, hakuruhusu zaidi ya hapo.

Mtakuwa na mawazo yenu pia: mdahalo, klabu ya usomaji, mashindano ya kuandika insha. Yaleteni, lakini baada ya miezi mitatu ya rafu, maana wakati huo mtajua watu wanakuja saa ngapi na chumba kinatosha wangapi. Maktaba za umma za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyopo kwa Sheria Na. 6 ya 1975, na mkutubi ana wakubwa wa kuwauliza. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, mapema. Aprili 23, Siku ya Vitabu Duniani, na Septemba 8, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, ni siku ambazo ombi lenu litapata masikio kwa urahisi zaidi. Na yupo kati yenu atakayeipenda kazi hii kuliko alivyotarajia. Huyo ajue kwamba Bodi hiyohiyo ina chuo chake cha ukutubi Bagamoyo.

Jumamosi njooni saa mbili na nusu, kabla milango haijafunguliwa. Mje na kalamu na ile barua ya mzazi. Kwenye meza iliyo karibu na mkeka, droo ya juu, kuna daftari la jalada gumu. Ni la vitendawili. Mtoto akija na chake na yule aliyemzoea hayupo, yeyote aliyepo anamwambia "Tega!", anakiandika humo pamoja na jina la mtoto na tarehe, na tunafungua nacho saa ya hadithi wiki inayofuata. Someni kurasa mbili tatu kabla watoto hawajaingia.