Saratani ya ngozi usoni: maswali yenu

Nina kidonda kidogo kando ya pua. Kwa nini daktari anataka kukata zaidi ya ninachokiona?

Kwa sababu saratani hutambaa chini ya ngozi inayoonekana nzima. Aina iliyo ya kawaida zaidi, inayoanzia kwenye seli za chini za ngozi ya juu, hukatwa pamoja na takriban milimita 4 za ziada kuizunguka ikiwa si ya hatari. Puani au karibu na jicho, milimita hizo ni nyingi. Hapo, penye huduma hiyo, hupendelewa upasuaji wa Mohs, ulioanzishwa na Frederic Mohs wa Marekani miaka ya 1930: hukatwa tabaka jembamba, kingo zake zote zikapimwa kwa hadubini wewe ukisubiri, na palipobaki saratani ndipo panapokatwa tena.

Nitalazwa?

Mara nyingi hapana. Ni ganzi ya sindano tu. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema, ila usiziache kwa uamuzi wako.

Mama atajengewa pua kwa ngozi ya paji la uso, na kwa wiki tatu atakuwa na kitu kama mkonga. Hakuna njia nyepesi?

Ipo: kupandikiza ngozi kutoka nyuma ya sikio. Lakini ngozi hiyo huja bila mishipa yake ya damu, hivyo hutegemea kulishwa na kidonda chenyewe, na juu ya gegedu tupu (ule mfupa laini wa pua) haishiki. Ya paji la uso hugeuzwa ikashonewa puani huku shina lake likibaki karibu na nyusi, damu ikipita humo. Baada ya wiki 3 hivi huwa imeota mishipa mipya, shina likakatwa. Kwa pengo kubwa mimi ningevumilia huo mkonga, maana rangi na unene wa ngozi ya paji hukaribiana sana na vya pua. Muhimu zaidi, ulizeni kama kingo zimethibitishwa kuwa safi kabla ya kujenga. Kufunika saratani iliyobaki ni kuificha.

Kidonda changu kwenye kona ya ndani ya jicho hakikushonwa. Ni uzembe?

La. Sehemu zenye bonde kama hiyo hujiziba vizuri zenyewe. Safisha, paka vaselini, funika. Kisikauke kikaweka gaga.

Kovu litaisha?

Litafifia, huendelea kubadilika hata mwaka mzima. Likinge na jua. Kama una historia ya makovu yanayovimba, mweleze daktari kabla hajashika kisu.