Beki anauona uwanja mzima

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Mama yako kausoma mara moja tu, akasema: "Mjibu mwanao, usimpigie hadithi." Umeuliza hivi: shule uliyofundisha hesabu miaka sita, ukaondoka wanafunzi wanalia, sasa inakuita urudi uwe mkuu wa shule. Je, ukubali?

Nitakujibu. Ila kwanza Koeman.

Usigune. Unakumbuka Julai 2017, Everton walipokuja Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia. Macho ya watu wote yalikuwa kwa Rooney, naye akapiga lile shuti la mbali likaingia, na yule shabiki akavamia uwanja kwenda kumkumbatia. Mimi nilikuwa naangalia benchi. Ukaniuliza, "Baba, umelipa kiingilio kumtazama mtu asiyecheza?" Nilikuwa namtazama Ronald Koeman, kocha wa Everton wakati ule, na ile hela siijutii mpaka leo.

Nyinyi hamkumkuta akicheza. Huyu alikuwa beki mwenye mabao zaidi ya 200! Mwaka 1988 pekee alibeba Kombe la Ulaya la klabu na PSV ya kwao, kisha la mataifa na Uholanzi. Halafu Wembley, Mei 1992, fainali ya kombe lilelile la klabu, Barcelona yake na Sampdoria, sifuri kwa sifuri mpaka dakika za nyongeza. Ikatoka frikiki. Stoichkov akausogeza, Bakero akautuliza, Koeman akaushindilia. Dakika ya 112. Barcelona hawakuwa wamewahi kulichukua kombe lile. Huku bara wakati huo hatukuwa na kituo cha televisheni, nikalisikia redioni asubuhi yake nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata. Kovu unalijua.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: beki anauona uwanja mzima. Mshambuliaji anaona goli tu. Ndiyo maana sikushangaa Koeman alipokuwa kocha.

Sasa angalia. Agosti 2020 Barcelona wamekula nane na Bayern. Siku 5 baadaye wanamwita mtu wao wa Wembley aje awaokoe. Mei ya mwaka huohuo moyo ulikuwa umemsumbua akalazwa, na alikuwa na kazi nzuri, timu ya taifa ya Uholanzi. Akaiacha akaenda. Klabu ina madeni, Messi anataka kuondoka, na mwaka uliofuata akaondoka kweli. Kombe la Mfalme alilileta, Athletic wakafungwa nne. Oktoba 2021 wakafungwa na Rayo Vallecano, wakamtimua usiku uleule. Bao la Wembley halikumwongezea hata wiki moja.

Ungedhani nataka kusema mtu asirudi alikong'aa. Nilitaka kusema hivyo, nikaanza hata kuandika. Lakini Ajax alicheza, akarudi kuwa kocha, akachukua ubingwa mara mbili. PSV alirudi pia, na 2007 akawapokonya Ajax ubingwa siku ya mwisho kwa tofauti ya bao moja. Bao moja! Feyenoord nako alirudi, wakainuka vizuri mikononi mwake. Na timu ya taifa aliyoikimbia ilimpokea tena 2023, akaifikisha nusu fainali ya Ulaya. Kwa hiyo kurudi si tatizo. Au ni tatizo pale tu nyumba inapoungua? Sijui, mama yako ananiambia nimeshaanza.

Kinachonikaa kooni ni jambo dogo. Alipofika Barcelona, Suárez, aliyewafungia mabao miaka sita, aliambiwa na Koeman kwa simu kwamba hahitajiki. Kwa simu. Watu walimlaumu sana, nami nilimlaumu kwa sauti, pale sebuleni, mkanisikia. Sikuwa na haki hiyo.

Mwaka niliopandishwa kutoka fundi kuwa msimamizi wa karakana, ililetwa mezani kwangu orodha ya watu wa kupunguzwa. Jina la tatu lilikuwa la baba yako mdogo wa Kurasini. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika spana. Kutoka ofisini kwangu mpaka alipokuwa akifanyia kazi ni hatua arobaini, nilizihesabu baadaye. Sikwenda. Nilimpa tarishi bahasha. Jioni nikapitia mlango wa nyuma.

Kwenye arusi yako tulisema ana mafua.

Beki anauona uwanja mzima, ndiyo, lakini akiwa uwanjani, mpira ukimjia anaweza kuubutua mwenyewe. Pale benchi unauona wote na huna mguu. Kazi iliyobaki ni kuwaambia watu, na wengi wao ni waliokunywa nawe chai ya saa nne. Yule mwalimu wa Kemia aliyekupokea siku ya kwanza bado yupo, sivyo? Na unasema mahudhurio yake siku hizi ni mabaya.

Sikwambii ukubali, sikwambii ukatae. Nina jibu, lakini mama yako amesimama nyuma yangu.

Ukishuka Dar mwezi ujao kabla hujawajibu, tupitie Kurasini pamoja. Wewe utabeba mchele. Mimi nitatangulia kubisha hodi.

Baba yako