Maswali yenu: andikeni mwaka kwanza

Barua za safari hii nyingi ni za wanaoandaa michezo ya jukwaani na filamu za historia. Zilizotaja mahali na wakati zimejibiwa moja moja. Zilizosema "zamani za kale" basi, nimezifungia jibu moja.

Watu wa zamani walikuwa wakivaa nini? (Limeulizwa na wengi, na liliulizwa mwaka jana pia.)

Zamani ipi? Kilwa ya 1331, Unguja ya 1873 na Songea ya 1906 hazivai nguo moja, hazili chakula kimoja wala hazitumii fedha moja. Swali lisilo na mwaka wala mahali halijibiki, na ndilo linalotuletea ile sare ya ngozi ya chui, majani kiunoni na chokaa usoni inayokodishwa kwa kila mchezo. Andikeni mwaka, mwezi na kijiji kwenye ukurasa wa kwanza wa mswada, ndipo muende kwa fundi.

Shule yetu inaigiza Vita vya Maji Maji. Tuna ngozi za wavulana na khanga za wasichana. Zinatosha? (Mwalimu, Lindi)

Rudisheni zote. Kufikia 1905 misafara ilikuwa imepeleka vitambaa bara kwa miongo kadhaa. Nguo za kawaida ni merikani, ile pamba isiyopaushwa, na kaniki, ingawa sehemu za bara wengine walikuwa bado na magome ya miti. Khanga zilikuwepo pwani, lakini hizi zenu zina jina kwa herufi za Kirumi, na mtazamaji wa safu ya tatu atalisoma. Majina ya khanga yalianza kwa herufi za Kiarabu.

Kipimo cha wakati ule: shuka ni mikono 4, yaani yadi 2, doti ni mikono 8. Mwanamume wa kawaida mpeni shuka moja kiunoni. Jumbe au akida avae kanzu na kofia. Nunueni pamba isiyotiwa rangi, ifueni mara mbili itoke wanga, ilowekeni usiku kucha katika chai ya rangi iliyokolea, kisha ianikeni kivulini. Msipofua kwanza, rangi itashika mabaka. Kaniki bado inauzwa madukani, haina haja ya kutengenezwa.

Dawa yenyewe, ile waliyoamini itawakinga na risasi, ilikuwa maji, mbarika na mtama. Itieni kwenye kibuyu. Chupa ya plastiki jukwaani inaua tukio zima.

Wajerumani wa 1905 tuwavalishe swastika?

Hapana, hata kidogo. Chama cha Nazi ni cha 1920, na jeshi la Wajerumani huku lilisalimu amri Novemba 1918. Bendera yao ya 1905 ina nyeusi juu, nyeupe katikati, nyekundu chini.

Tunahitaji waigizaji wazungu wangapi kwa jeshi la Mjerumani? Hatuna hata mmoja. (Kikundi cha sanaa, Morogoro)

Wawili au watatu wangetosha, na mkikosa kabisa hamjaharibu kitu. Jeshi lile lilikuwa na maofisa Wajerumani wachache. Waliobeba bunduki kwa sehemu kubwa ni askari Waafrika: Wasudani, Washangaan, Wamanyema, Wanyamwezi. Michezo yetu inalikwepa jambo hili kwa sababu linauma, na kulikwepa ni uongo mkubwa kuliko kukosea kofia.

Wavalisheni kaki, kofia ya tarbushi iliyofunikwa kaki yenye kitambaa cha kufunika shingo nyuma, na nembo ya tai mbele. Vyeo ni ombasha na shaushi. Koplo na sajini ni vya Mwingereza. "Afande" ruksa, limetokana na "efendi" na lilikuwepo. Bunduki yao kuu ni Mauser ya 1871: risasi moja kwa mara moja, na moshi mweupe mzito. Mkiwapa bunduki ya rashasha ya begani mmekosea wakati.

Je, tunaweza kumnyonga Kinjikitile mwishoni, baada ya vita kuisha, ili mchezo ufunge vizuri? (Mwandishi wa tamthilia, Dar es Salaam)

Mnaweza kuandika hadithi ya kubuni na kumpa shujaa wenu jina jingine. Kama jina ni Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji, na mahali ni Ngarambe, hapana.

Vita vilianza pale pamba ya kulazimishwa ilipong'olewa Nandete mwishoni mwa Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti, na bunduki za rashasha za kusimikwa zikaua watu kwa mamia. Songea, kundi kubwa la viongozi lilinyongwa tarehe 27 Februari 1906. Vita vikaendelea hadi 1907. Yaani watu walipigana karibu miaka miwili bila yeye, wengi wao hawajawahi kumwona. Ukimpeleka mwisho, umewapokonya watu hao vita vyao na kuvifanya vya mganga mmoja, na hivyo ndivyo watawala wa kikoloni walivyopenda kuvieleza.

Kuna jambo hukuuliza. Waliokufa wengi hawakufa kwa risasi. Mdachi, yaani Mjerumani, alichoma mashamba na maghala kwa makusudi, na njaa ikamaliza kazi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wameipandisha hadi kati ya 200,000 na 300,000. Hiyo njaa ni nadra kuonekana jukwaani. Kama unatafuta mwisho wa mchezo, mwanamke anayefukua mizizi porini mwaka 1907 unakutosha.

Karamu ya sultani wa Kilwa, 1331. Tumeandaa ugali, mihogo, kachumbari na mapapai. Mkurugenzi anasema kuna kosa. (Watengeneza filamu, Mombasa)

Mkurugenzi wenu ana haki, na kosa si moja. Mahindi, mihogo, nyanya, mapapai, mananasi, karanga, viazi vitamu, korosho, tumbaku na pilipili kali zote asili yake ni Amerika. Zilifika huku baada ya Wareno, na Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498. Kahawa na chai pia ondoeni.

Wekeni wali kwa samli, kuku, nyama, samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi na maembe. Hivyo ndivyo Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alivyokirimiwa Mogadishu katika safari iliyomfikisha Kilwa mwaka huo wa 1331. Watu wa kawaida wale mtama, kunde na samaki. Pilipili manga inafaa. Vyombo: udongo wa hapa, na kwa sultani sahani za Kichina. Fedha ni sarafu ndogo za shaba zilizopigwa Kilwa kwenyewe. Msipige picha shamba la mikarafuu: Unguja ilianza kuipanda karne ya 19.

Filamu yetu ni ya Unguja, 1885. Tunataka picha ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani, kutoka baharini.

Jengo lilikuwepo tangu 1883, lakini mnara mnaouona kwenye picha ulikuwa haujaungwa nalo. Mnara wa wakati huo ulisimama peke yake mbele ya jengo, ukapigwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, ndipo wakajenga mwingine kwenye uso wa jengo. Na Desemba 2020 sehemu ya jengo lenyewe iliporomoka. Achaneni na bahari. Pigeni picha vichochoroni, kamera chini, mkificha nyaya, madishi na viyoyozi.

Wahusika wetu wa 1895 waseme "shilingi" au "hela"?

Hakuna hata moja. Ni rupia na pesa. Hela ni heller ya Mjerumani, iliyoanza 1904. Shilingi ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Na mhusika asiseme "Tanganyika yetu" kabla ya 1920, wala "Mjerumani" pale ambapo watu wenyewe walisema "Mdachi". Barua aliyoshika iwe ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kalamu ya bic iacheni nyumbani.

Wapiganaji wetu wana magobori. Wafyatue mara ngapi katika tukio la dakika moja?

Mara moja, au mbili kwa aliyezoea sana. Baruti mtutuni, kitambaa, mdeki (fimbo ya kushindilia), risasi, mdeki tena, fataki, kisha mtambo unavutwa. Baruti ikilowa haiwaki. Akishafyatua, aliyekaribia adui anashika mkuki, na tukio lipangwe hivyo: moshi mmoja, kimya cha kushindilia, kisha mbio. Moshi na mlio vitoke nyuma ya pazia. Baruti ya kweli isiingie ukumbini.